Miaka mitatu ya skwoshi na bado ninafungwa na mtu asiyekimbia: nirekebishe nini kwanza?

Mpigaji_wa_Jioni

Habari zenu, wanajukwaa. Huu ni mwaka wangu wa tatu wa kucheza skwoshi, mara tatu kwa wiki, na kila ninapoingia uwanjani huwa ni kwa ajili ya mechi. Sijawahi kufanya mazoezi nikiwa peke yangu. Mwanzoni nilipanda haraka, nikawashinda karibu wote niliokuwa nimeanza nao, lakini kwa mwaka mmoja na nusu uliopita nimebaki pale pale, sipandi wala sishuki.

Anayenisumbua kuliko wote ni mzee mmoja anayenizidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Ninamzidi nguvu, ninamzidi mbio, na ninaupiga mpira kwa kishindo ambacho yeye hakikaribii, lakini mambo ni yaleyale kila wiki: seti ya kwanza naweza kushinda kwa 11-8, ya pili ninafungwa 11-6, na kuanzia hapo ninaambulia pointi tatu au nne kwa seti. Ninatoka nimelowa jasho na miguu inatetemeka, naye anapumua kama mtu aliyekuwa akitembea. Muda mwingi amesimama katikati, na mimi ndiye ninayezizunguka kona zote nne.

Udhaifu ninaoujua mwenyewe ni kona ya nyuma upande wa bekihendi, ambao kwangu mimi nitumiaye mkono wa kulia ni upande wa kushoto. Mpira ukifika kule, ninachoweza ni kuukwangua tu urudi mbele, na ukirudi anaumaliza. Tunatumia mpira wenye nukta mbili za njano, kwa sababu ndio unaotumiwa na wachezaji wa kulipwa.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Je, nianze na pumzi, nguvu au ufundi? Na kwa mtu mwenye saa tatu au nne tu za kucheza kwa wiki, kuna faida yoyote ya kutumia mojawapo kufanya mazoezi ya peke yake badala ya mechi?

Kona_ya_Nyuma

Karibu, ndugu. Jibu la swali lako limo ndani ya maelezo yako mwenyewe: yeye amesimama katikati na wewe unazunguka. Wengi wakiona hivyo hudhani kwamba mpinzani amejaliwa kipaji cha kubashiri mpira utakakokwenda. Mara nyingi hakuna kipaji chochote hapo, bali ni sisi tunaompelekea mpira alipo.

Angalia vipimo. Uwanja wa watu wawili una urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.40. Mstari mfupi, ule unaoukata uwanja kwa upana, uko mita 4.26 kutoka ukuta wa nyuma, na pale unapokutana na mstari wa kati ndipo tunapopaita T. Kutoka T hadi kona ya nyuma ni takriban mita 5.3, na hadi kona ya mbele ni takriban mita 6.3. Ukiondoa urefu wa mkono, ukaondoa na raketi, ambayo sheria inairuhusu kufikia sentimita 68.6, utaona kwamba aliyesimama T yuko hatua mbili tatu kutoka kila mahali. Kwa hiyo kabla hujajiuliza kama pigo lako lina nguvu, jiulize kama litamwondoa mtu pale T au litamkuta hapo hapo.

Nina hakika kwamba mapigo yako mengi yanamkuta hapo hapo, na sababu ni hiyo nguvu unayojivunia. Mpira unaopigwa kwa kishindo na kugonga ukuta wa mbele chini, karibu na bati (ule ukanda wa chini wa ukuta wa mbele ambao mpira ukiugusa umepoteza pointi), hudunda katikati ya uwanja na kuinuka hadi usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama T. Ukiupiga kwa kishindo hichohicho na ukagonga juu, unafika ukuta wa nyuma ukiwa bado na mbio na kurudi katikati, ambako mzee wako anausubiri kwa utulivu. Mpira mzuri wa nyuma ni ule unaodunda mara ya kwanza nyuma ya kisanduku cha kuanzishia, ule mraba uliochorwa sakafuni kando ya ukuta wa pembeni, na mara ya pili karibu kabisa na pale sakafu inapokutana na ukuta wa nyuma. Mpira kama huo hauachi nafasi ya kuingiza raketi, na huhitaji nguvu zote kuupata, bali kimo. Punguza nguvu kwa robo hivi, kisha lenga juu ya mstari wa kuanzishia, ambao uko mita 1.78 kutoka sakafuni. Bati lina sentimita 48 tu, na wengi wetu tunacheza kana kwamba ukuta wote unaishia hapo.

Baada ya kimo, shughulikia ukuta wa pembeni. Mpira mnyoofu ulioambaa na ukuta ni mgumu kupigwa hata na bingwa, kwa sababu raketi inaogopa kugonga ukuta kabla ya mpira. Pigo la kukata uwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine ni rahisi zaidi, na kwa urahisi huo linatuponza: ni lazima lipite karibu na mpinzani, na lisipokuwa pana kiasi cha kugusa ukuta wa pembeni usawa wa kisanduku cha kuanzishia au nyuma yake, yeye hunyoosha mkono tu na kuupiga hewani kabla haujadunda. Kwa muda wa mwezi mmoja, jiwekee sharti la kupiga mipira mitatu minyoofu kabla ya kukata mmoja.

Kuhusu saa zako, ndiyo, toa moja ya mazoezi ya peke yako. Ingia uwanjani, simama nyuma ya kisanduku, piga mipira minyoofu 10 upande wa forihendi na 10 upande wa bekihendi, na uhesabu mingapi imedunda nyuma ya kisanduku na ndani ya upana wake, yaani mita 1.60 kutoka ukutani. Usidanganye hesabu. Mara ya kwanza nilipojipima hivyo nilipata minne upande wa forihendi na mmoja upande wa bekihendi, na nilikuwa nimecheza miaka sita. Katika miaka hiyo yote ya mechi hakuna aliyeniambia jambo hilo, kwa sababu katika mechi pointi ikiisha hukumbuki mpira ulidundia wapi.

Dunda_Polepole

Nakubaliana na yote hayo, lakini naomba tusipite haraka juu ya mpira wenyewe, kwa sababu naamini unalo tatizo ambalo hakuna mazoezi yatakayoliondoa.

Mpira wa skwoshi ni raba yenye uwazi ndani. Ukigongwa tena na tena hupata joto, hewa iliyomo huongeza shinikizo, na raba hulainika. Ndipo unapodunda inavyostahili. Mpira wenye nukta mbili za njano ndio mzito kudunda kuliko yote, na umetengenezwa kwa watu wanaoupiga kwa nguvu na usahihi bila kukatisha, mapigo 20 au 30 kwa pointi moja, hivi kwamba haupati nafasi ya kupoa. Sisi wa ridhaa tunapiga mapigo manne matano, mpira unagonga bati, mtu anatembea kuuokota, wanazungumza kidogo, na umeshapoa. Mpira uliopoa ukifika kona ya nyuma haudundi, unakufa. Huko kukwangua unakokueleza, ndugu Mpigaji, kunaweza kuwa udhaifu wa mkono kwa sehemu tu, na sehemu nyingine ikawa mpira usioinuka kiasi cha kupigika.

Madhara yake yanaenea mbali kuliko pointi moja. Mtu anayecheza na mpira uliokufa hujifunza kwamba pigo fupi la mbele hushinda kila mara, na kwamba mpira wa nyuma ukimpita hauna matumaini. Anajenga mazoea yote juu ya hali ambayo hataikuta akicheza na watu walio bora zaidi. Chukua mpira wa nukta moja ya njano. Una ukubwa uleule ila unakaa hewani kwa muda mrefu kidogo baada ya kudunda, na muda huo mdogo ndio unaokuwezesha kugeuka, kujipanga na kupiga pigo kamili kutoka kona ya nyuma. Wenye nukta nyekundu na ule wa buluu ni mikubwa na yenye kudunda zaidi, kwa wanaoanza kabisa.

Hata ukibaki na nukta mbili, upasheni mpira moto vya kutosha kabla ya mechi. Ushikilie kiganjani: ukihisi wa baridi, bado hamjawa tayari.

Mpigaji_wa_Jioni

Nawashukuru sana. Jana nilijipima kama alivyoelekeza Kona_ya_Nyuma: minne kati ya 10 upande wa forihendi, na upande wa bekihendi sikupata hata mmoja. Nilirudia mara tatu nikapata mmoja.

Nina maswali mawili. La kwanza, nikibadili mpira nikacheza na ule wa nukta moja, sitakuwa ninajipunguzia kiwango? La pili, naomba mtu anieleze kwa undani namna ya kutoka katika ile kona ya bekihendi. Naelewa kwamba nipige juu na minyoofu, lakini mpira ukiwa umeshanipita mwili haukubali.

Dunda_Polepole

Kiwango chako ni mapigo unayoweza kuyarudia kwa usahihi, na kwa mpira wa nukta moja utayarudia mengi zaidi kwa saa ileile. Pointi zitakuwa ndefu, utakimbia zaidi na kufikiri zaidi. Siku mtakapoona kwamba mpira huo unaruka mno na hakuna anayeweza kuumaliza, rudini kwenye nukta mbili bila wasiwasi.

Mshiko_Wazi

Naomba nijibu la bekihendi, kwa sababu nililipigania kwa miaka mingi.

Kosa halianzii kwenye mkono, linaanzia T. Wengi hupiga pigo lao, hurudi katikati, kisha hutazama ukuta wa mbele na kusubiri mpira uwatokee. Wakati huo mpinzani yuko nyuma yao na hawajui anafanya nini. Geuza kichwa, uufuatilie mpira hadi unapogusa raketi yake. Anapoupiga, wewe ruka kidogo sana, kiasi cha nyayo kuachana na sakafu na kutua kwa upana wa mabega, magoti yakiwa yamelegea. Mruko huo mdogo hukuwezesha kusukuma upande wowote bila kusita, na asiyeufanya huondoka akiwa amechelewa, hata awe na mbio za namna gani. Mzee wako huonekana hakimbii kwa sababu ameanza kutembea kabla wewe hujajua mpira uko wapi.

Unapoelekea kona, inua raketi njiani, usisubiri kufika. Geuza mabega hadi bega la kulia lielekee ukuta wa kushoto na kifua kitazame kona. Acha nafasi kati yako na mpira, maana aliyeukaribia mno hana pa kuzungusha mkono, na kukwangua kote kunatokana na hapo. Piga goti ushuke, kwa kuwa mpira uko chini na kiuno kikiinama badala ya goti utapoteza mizani. Uso wa raketi uwe wazi, umeelekea juu kidogo, na mpira uupige ukiwa usawa wa mguu wa kulia uliotangulia. Mshiko uwe mmoja kwa forihendi na bekihendi, kidole gumba na cha shahada vikitengeneza umbo la V juu ya mpini, kwa sababu hakuna muda wa kubadili katikati ya pointi.

Ikiwa mpira umekwisha kukupita, usijaribu kuunyoosha. Upige ukutani pembeni, kwa kwenda juu, ili uambae hadi ukuta wa mbele na kuangukia kona ya pili ya mbele. Hilo ni pigo la kujiokoa, halishindi pointi mara nyingi, lakini humlazimisha mpinzani kuiacha T na kwenda mbele, nawe unapata muda wa kurudi katikati. Ukiligeuza kuwa mazoea atalisubiri, basi litumie pale tu unapokosa njia nyingine.

Pumzi_Ndefu

Mimi ninatofautiana kidogo na waliotangulia. Ufundi ni muhimu, lakini mtu anayeshinda 11-8 kisha akapata pointi tatu hajasahau kupiga mpira ndani ya nusu saa. Amechoka, na aliyechoka huacha kupiga goti, huacha kurudi T, na kila alichofundishwa hapo juu huanguka kimoja baada ya kingine. Jonah Barrington alitwaa British Open, mashindano makubwa ya skwoshi, mara 6 kati ya 1967 na 1973, na silaha yake kubwa ilikuwa uvumilivu wa mwili na mipira ya nyuma isiyokwisha. Jahangir Khan wa Pakistan hakufungwa tangu 1981 hadi 1986, alipopoteza fainali ya ubingwa wa dunia mjini Toulouse mbele ya Ross Norman wa Nyuzilandi, na waliokutana naye walijua kwamba hata wakiupata mpira wa kwanza, wa 40 wangeukosa.

Ninachopendekeza ni mazoezi ya kivuli. Ingia uwanjani na raketi bila mpira, anzia T, nenda kona moja, piga pigo kamili hewani, rudi T, nenda nyingine. Fanya hivyo kwa sekunde 40, pumzika sekunde 40, rudia mara nane. Usikimbilie idadi, kila safari iwe na ule mruko mdogo wa kuanzia na kila pigo liwe na goti lililopinda. Hapo unajenga pumzi na mwendo kwa wakati mmoja, na dakika 11 zinatosha.

Kona_ya_Nyuma

Sina ugomvi na kivuli, ni zoezi jema. Ila hesabu ya uchovu ina pande mbili. Ikiwa katika kila pointi wewe unakwenda kona nne naye anakwenda moja, basi unalipa mara nne ya anacholipa yeye, na hata ukiongeza pumzi maradufu bado utachoka wa kwanza. Mabingwa uliowataja walikuwa na mapafu na pia walikuwa na mpira wa nyuma. Mapafu yaliwachosha wapinzani kwa sababu wapinzani ndio waliokuwa wakikimbia. Kwa mwenye saa nne kwa wiki, ningeanza na mpira unakodundia.

Leti_Tafadhali

Nachangia machache kwa kuwa mara kwa mara huamua mechi za ridhaa.

La kwanza ni mpira wa kuanzishia, ambao karibu kila mtu anaupuuza. Wengi hupiga tu ilimradi pointi ianze, ilhali ndilo pigo pekee ambalo mpinzani hawezi kukuharakisha. Upige juu na polepole, uguse ukuta wa pembeni nyuma kabisa na kushuka kwenye kona. Anayeupokea naye asitafute ushindi wa papo hapo, aurudishe mnyoofu nyuma na kuichukua T.

La pili ni usalama, na hapa ninasisitiza. Kadiri unavyojifunza kuwatoa watu T, mtakutana mara nyingi zaidi mkigombea nafasi nyuma ya uwanja. Mpinzani akiwa kati yako na ukuta wa mbele, usipige. Simama na uombe leti, yaani pointi irudiwe. Kama amekuzuia pigo ambalo lingekwenda moja kwa moja ukuta wa mbele, utapewa stroki, yaani pointi ni yako bila kumgonga mtu. Mpira una kipenyo cha milimita 40 na unaweza kuingia ndani ya tundu la jicho, jambo ambalo kwa mpira mkubwa haliwezekani, kwa hiyo vaeni miwani ya kujikinga hata katika mazoezi. Nimeona mechi moja ikiishia kwenye jicho lililovimba, na tangu siku hiyo siingii uwanjani bila miwani.

Mpigaji_wa_Jioni

Nimerudi baada ya wiki sita kuwaeleza nilipofikia. Kila wiki saa moja nimeitenga kwa mipira minyoofu, na dakika 11 za kivuli nazifanya mwanzoni mwa saa hiyo. Tumehamia mpira wa nukta moja. Nilipomwomba mzee alikubali mara moja na akasema yeye mwenyewe angependelea hivyo tangu zamani. Hesabu yangu sasa ni saba kati ya 10 kwa forihendi na minne kwa bekihendi.

Bado ananifunga. Wiki iliyopita matokeo yalikuwa 9-11, 11-8, 8-11 na 10-12, lakini kwa mara ya kwanza nilimwona akipiga pigo la kujiokoa kutoka kona ya nyuma, na katika seti ya nne yeye ndiye aliyeomba kukausha mpini wa raketi. Nimegundua pia kwamba ninapompeleka nyuma mpira wake hurudi mwepesi na wa juu, unapita karibu na kichwa changu nikiwa T, nami ninauacha uende nyuma ili niupige baada ya kudunda. Nahisi hapo ninapoteza kitu. Je, muda umefika wa kuanza kuupiga hewani?

Kona_ya_Nyuma

Ndiyo, na umeliona mwenyewe. Kila mpira wa aina hiyo unaouachia upite unampa sekunde moja au mbili za kurudi T, na kazi yote ya kumwondoa inakuwa bure. Anza na ile inayopita upande wa forihendi, ambako mkono wako umekwisha kutulia. Simama hatua moja mbele ya mstari mfupi, karibu na ukuta wa pembeni, na upige mpira hewani taratibu dhidi ya ukuta wa mbele, mkono ukiwa mfupi na raketi ikiwa juu ya kiwiko, hadi ufikishe 20 bila kudunda. Ukishafikisha, rudi nyuma hatua moja na uanze upya. Katika mechi usiumalize kwa kishindo. Upeleke hewani nyuma mnyoofu, kona ileile alikotoka, wakati bado anarudi. Upande wa bekihendi subiri hadi hesabu yako ya mipira minyoofu ifike sita.